Shajara ya easofti Leeds: bunduki ndiyo niliyonunua mwisho

Nilifika Leeds, Uingereza, Machi 2023, kazi ya kulea wazee, zamu za usiku nyingi kuliko za mchana. Nyumbani Tanga Jumapili yangu ilikuwa ya mpira wa mchangani. Huku goti limeshagoma na mvua haina adabu, nikawa mtu wa kulala na kuamka kazini. Aliyenitoa ndani ni jamaa wa zamu yangu, Mwingereza wa makamo, anayecheza easofti miaka mingi.

Kwa asiyeujua, ni mchezo wa kuviziana porini kwa bunduki bandia zinazorusha vigololi vya plastiki vya milimita 6. Ukipigwa unajitangaza mwenyewe na kutoka. Havina rangi ya kukuumbua kama kwenye peintiboli, kwa hiyo mchezo wote unategemea uaminifu wa mtu. Ulianzia Japani, nchi ambayo raia hapati bunduki ya kweli kirahisi, na mwaka 1991 Tokyo Marui wakatoa ya kwanza ya umeme ya kumimina mfululizo. Mpaka leo nyingi zinakwenda kwa mtindo huo: betri, mota, giaboksi na springi.

Nilitafuta mtu aliyeyaandika haya kwa Kiswahili sikumpata. Bei zote hapa ni pauni. Msimu huo wa 2023/24 pauni moja ilikuwa shilingi elfu tatu na ushee za Tanzania. Palipokwenda sawa napita haraka. Nilipoharibu ndipo nitakapokaa.

17 Septemba 2023: Sheria kabla ya pesa (gharama: 0)

Nusura niharibu kabla sijaanza. Usiku mmoja wazee wamelala, nilishatia bunduki kwenye kikapu cha duka moja la Hong Kong. Nyeusi tii, bei nusu ya ya huku. Kabla ya kulipa nikamrushia jamaa picha nipate sifa kidogo. Akajibu neno moja: acha. Asubuhi tulipokabidhi zamu akanikalisha na kikombe cha chai.

Uingereza kuna sheria ya mwaka 2006 ya kupunguza uhalifu wa kikatili, na vifungu vyake vya bunduki bandia vilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2007. Kutengeneza, kuuza au kuingiza nchini bunduki bandia inayofanana na ya kweli ni kosa, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, na mchezo huu ni mojawapo. Mimi wa Hong Kong ningekuwa mwingizaji asiye na sababu ya kuonyesha.

Dukani nako muuzaji anataka uthibitisho kuwa wewe ni mchezaji kweli. Unaotumika sana ni namba ya UKARA, daftari la chama cha wauzaji. Ili uingie humo lazima ucheze mara tatu kwenye uwanja uliosajiliwa, katika muda usiopungua siku 56, nawe uwe umetimiza miaka 18. Wengi huiita leseni, lakini leseni siyo. Ni njia ya muuzaji kujikinga, basi.

Asiye na namba anaweza kununua yenye rangi za kupiga kelele: buluu ya kung'aa, rangi ya chungwa, pinki. Inapiga sawasawa na nyeusi. Ila usije ukaichukulia brashi nyumbani ukaipaka nyeusi, maana kuigeuza ifanane na ya kweli nako ni kosa.

Nguvu ya risasi pia ina mpaka, nayo hupimwa kwa jouli. Tangu sheria ya 2017, bunduki ya kumimina mfululizo isizidi jouli 1.3, na ya risasi moja moja isizidi 2.5. Ikipita hapo, mbele ya sheria si ya kuchezea tena.

Mwenzenu nipo kwa viza ya kazi. Mwenyeji akikosea atajibizana na hakimu. Mimi nikikosea naweza kujikuta napanga mizigo. Nikafuta kikapu.

8 Oktoba 2023: Mchezo wa kwanza, vifaa vya kukodi (gharama: 60)

Pauni 55 za kiingilio, bunduki, kinyago na vigololi, pamoja na 5 za kuchangia mafuta ya gari la jamaa. Uwanja ni msitu nje ya mji, matope na majani nisiyoyajua, mahandaki ya mbao na mapipa. Asubuhi wasimamizi walitukusanya kutusomea masharti: miwani haivuliwi uwanjani hata mvua ikinyesha mawe; ukirudi kwenye eneo salama magazini (kile kikasha cha vigololi) inatoka, unafyatua hewa kuelekea chini, kufuli inafungwa. Sharti la miwani walilirudia mara tatu, na walikuwa na haki.

Makosa yangu yalikuwa mawili.

La kwanza ni jaketi. Nilivaa lile ninalokwenda nalo kazini, nene, limejaa manyoya ndani. Katikati ya mchezo wa pili msimamizi akanivuta pembeni: kuna kijana amenipiga mara nne mgongoni na mimi nachanja mbuga. Sikusikia kitu, lakini nani ataniamini? Kwenye mchezo huu mtu asiyekubali kupigwa ni kama mla rushwa, jina likishachafuka halisafishiki kwa sabuni. Nikamfuata kijana nikamwomba radhi, nikavua jaketi, nikacheza na sweta natetemeka. Kigololi kilichofuata kilinipata shingoni na hicho nilikisikia vizuri. Nikainua mkono nikapiga ukelele, "Nimekufa!" Kwa Kiswahili. Walielewa.

La pili ni ukungu. Mimi navaa miwani ya macho, na juu yake kile kinyago cha kukodi. Dakika tano za kukimbia, nikawa natazama ndani ya glasi ya maziwa. Miwani ya ndani ina ukungu wake, kinyago kina wake. Nusu ya siku niliimaliza nimekaa eneo salama nafuta vioo na fulana.

Hata hivyo nilirudi nyumbani nacheka peke yangu.

21 Oktoba 2023: Vita na ukungu (gharama: 63)

Wiki mbili hizi sikugusa kitu kingine. Nimejitengenezea jaribio ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya: weka miwani kwenye friji dakika kumi, ivae, halafu panda na kushuka ngazi mara kumi ukipumua kwa mdomo. Ikipita hapo, itapita na msituni. Mwenzangu wa nyumba, kaka mmoja wa Bukavu huko Kongo, alinikuta natoa miwani kwenye friji kando ya maziwa yake, akafunga mlango wa jikoni taratibu akaenda zake.

Sabuni ya vyombo, unapaka tone na kufuta bila kusuuza: safari nne za ngazi, kisha ukungu. Dawa ya kupulizia, pauni 6: safari saba, ila macho yaliniwasha jioni nzima.

Kisha nikafanya ujinga wa pauni 12. Nikanunua miwani ya wavu wa chuma, nikijua wavu haupati ukungu. Ni kweli haupati. Lakini kigololi kibovu kikigonga wavu kinaweza kupasuka, na chembe zake zikapenya hadi machoni. Uwanja wetu unaruhusu wavu kwa mdomo na mashavu, machoni hauruhusu. Hilo lilikuwa kwenye masharti yao niliyoyasoma baada ya kulipa.

Kilichoponya ni miwani mipana yenye vioo viwili na hewa katikati, inayoenea juu ya miwani ya macho, pauni 34. Chini yake kinyago cha wavu cha mdomo, pauni 11, ili pumzi itoke mbele isipande juu. Safari kumi za ngazi, kioo cheupe pee. Ukinunua angalia maandishi madogo kwenye fremu na kioo: EN166, alama ya kiwango cha miwani ya kinga, na karibu yake herufi. F ni kipimo kidogo cha kuhimili kupigwa, B ni cha kati, ambapo kioo hujaribiwa kwa gololi ya chuma inayokwenda mita 120 kwa sekunde. Vigololi vyetu vya plastiki huenda kama mita 107. Mimi sishuki chini ya B.

Kama una pauni 50 tu za kuanzia mchezo huu, zimalize machoni.

29 Oktoba 2023: Mchezo wa pili (gharama: 95)

Huku mwisho wa Oktoba saa hurudishwa nyuma kama mita ya gari la mtumba. Simu hujirekebisha yenyewe, ila mimi naamshwa na saa ya mezani niliyotoka nayo Tanga, na hiyo haina habari na Waingereza. Nikasimama kona ya barabara na begi langu saa nzima kabla ya jamaa kufika, giza, baridi inauma mfupa. Naliandika kwa sababu na Machi itarudi, safari hiyo kinyume.

Kukodi sasa ni 45 kwa kuwa nina miwani yangu. Jaketi nimelipata duka la mitumba ya jeshi kwa 15, la madoa ya zamani ambayo jeshi lao lilishayaacha, jepesi, kigololi kinasikika. Buti 30. Mafuta 5.

Ukungu: hakuna. Niliona mchezo wote kwa mara ya kwanza na nikagundua kuwa silengi hovyo kama nilivyodhani.

Nikapiga picha na jaketi langu nikaituma nyumbani. Mama akapiga simu kabla sijavua buti.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Magwanda hayo umeyatoa wapi?"

"Mtumbani, mama. Pauni kumi na tano."

"Hukusikia jeshi limewapa raia siku saba wayasalimishe?"

Kweli, Agosti mwaka huuhuu JWTZ ilitoa tangazo hilo. Nikamweleza kuwa huku yanauzwa dukani hadharani, mtoto wa shule anavaa.

"Basi yafie hukohuko. Usije ukatua nayo Dar es Salaam, ukaniambia nije kukuwekea dhamana."

Ndugu zangu wa nyumbani, na mimi nasema hivyohivyo. Vifaa vya mchezo huu usivitie kwenye sanduku la likizo bila kujua sheria ya unakokwenda. Vyangu vinakaa Leeds.

26 Novemba 2023: Mchezo wa tatu, na hesabu iliyonishinda (gharama: 50)

Mchezo ulikuwa mzuri. Nilimaliza siku nikaenda dirishani kwa kifua mbele na kadi yangu yenye mihuri mitatu, naomba fomu ya UKARA. Dada wa dirishani akahesabu kwa kalenda ya ukutani, kidole kikiruka Jumapili hadi Jumapili. Kutoka tarehe 8 Oktoba mpaka leo ni siku 49. Zinahitajika 56. Nimepungukiwa wiki moja.

Nilikuwa nimeshika akilini "mara tatu" na "miezi miwili", nikaona Oktoba na Novemba ni miezi miwili. Hesabu hufanywa kwa siku, kuanzia mchezo wa kwanza hadi wa mwisho. Wa tatu nisingeucheza kabla ya tarehe 3 Desemba. Anayefuata nyayo zangu aandike tarehe ya kwanza ukutani, ahesabu wiki nane kamili, ndipo apange wa tatu. Mimi nimejinunulia mchezo wa nne.

10 Desemba 2023: Mchezo wa nne, fomu imeingia (gharama: 70)

Kukodi 45, mafuta 5, uanachama wa uwanja pamoja na fomu 20. Siku 63. Dada wa dirishani alicheka kabla sijafungua mdomo.

13 Januari 2024: Namba imetoka, bunduki imeingia (gharama: 180)

Sikununua mpya. Mchezaji mmoja wa uwanjani alikuwa anauza yake ya pili, ya umeme, mwili wa plastiki ngumu, magazini mbili, pauni 120. Naye aliomba namba yangu kabla ya kunipa bei, nikamheshimu kwa hilo. Begi refu lenye zipu na kufuli 22, betri ya lipo (aina ya lithiamu) ya volti 7.4 kwa 14, chaja 18, mfuko wa kuchajia usioshika moto 6.

Sasa kosa kubwa kuliko yote ya shajara hii.

Nilifika nayo nyumbani Jumamosi mchana, jua limetoka, nikashindwa kusubiri. Nikaenda uani nyuma ya nyumba. Haikuwa na betri, nilitaka tu kuishika begani, kujua uzito, kulenga ndoo. Ua wa mbao unanifika kifuani. Nimeinama najaribu kuchungulia kwenye shabaha, nikasikia jina langu. Bibi jirani, yule anayenipokelea vifurushi nikiwa kazini, amesimama upande wa pili na simu mkononi. Kidole gumba kilikuwa juu ya kioo.

"Ni ya kuchezea?" akauliza. Sauti yake haikuwa yake.

Nikaiweka chini kwenye majani, nikasimama mikono ikionekana, nikamweleza. Akashusha pumzi. Akaniambia kwamba ndivyo alivyofikiri, lakini kama asingenifahamu angekwisha piga. Nafahamu maana yake. Polisi wa kawaida wa huku hatembei na bunduki, lakini akiitwa kwa habari ya mtu mwenye bunduki, wanaokuja ni wale wenye nazo, na hawaji kuuliza bei. Mtu mweusi, uani, chuma cheusi begani. Niliketi kwenye ngazi mpaka magoti yakarudi.

Tangu siku hiyo haitoki kwenye begi isipokuwa chumbani, pazia limefungwa, au uwanjani. Hadharani sheria inataka uwe na sababu ya msingi ya kuwa na bunduki bandia. Kwenda mchezoni ni sababu, ila ni busara iwe imefungwa haionekani, na itoke nyumbani iende uwanjani moja kwa moja, bila kupitia dukani wala kwa rafiki.

Jioni kaka wa Bukavu alikuta begi limefunguliwa mezani sebuleni. Nilikuwa nasafisha mtutu. Alisimama mlangoni na sufuria ya ugali mkononi, haingii harudi.

"Kaka," akasema, "ile kitu, uondoe fasi ya kulia."

Nikaiondoa. Hakusema lingine, wala sikumuuliza. Nilikuwa nimesahau kuwa kuna watu hawakuzijulia bunduki mchezoni. Sasa inakaa chini ya kitanda changu na vifaa vyake vyote, na mezani tunakula.

20 Januari 2024: Cheche (gharama: 26)

Plagi ya betri haikulingana na ya bunduki. Ziko aina mbili kuu zinazotumika hapa, ile nyeupe ya Tamiya na ile ndogo bapa ya Deans, nami nilinunua bila kuangalia. Nikaona jambo dogo: kata plagi, chomelea nyingine. Nimekulia kwa mjomba fundi redio, waya haunitishi.

Nikachukua koleo, nikakata waya mwekundu na mweusi wa betri kwa mkato mmoja.

Mjomba angenipiga kibao. Makali ya koleo yakaunganisha nyaya mbili: mlio kama wa kiberiti kikubwa, mwanga wa buluu, harufu ya plastiki. Koleo imebaki na pengo kwenye meno, kama la mtoto wa miaka sita. Betri ilianza kupata joto, nikaitoa nje nikaiweka juu ya zege mbali na mlango, nikaichunga nusu saa. Haikuwaka, lakini ilivimba kidogo ubavuni. Lipo iliyovimba haichajiwi tena. Niliipeleka sehemu ya kukusanyia betri chakavu.

Betri mpya 14, plagi 4, koleo 8. Safari hii nilikata waya mmoja, nikauchomelea, nikaufunika na mpira wa kusinyaa, ndipo nikaenda kwa wa pili. Afadhali zaidi ni kubadilisha plagi ya upande wa bunduki, ambako hakuna umeme, ukaiacha betri kama ilivyotoka dukani. Hilo nalo nimelijua baadaye.

28 Januari 2024: Imekataliwa mlangoni (gharama: 65)

Kila bunduki hupimwa mwendo asubuhi kwa vigololi vya gramu 0.20. Yangu ilisoma futi 368 kwa sekunde. Mpaka wa uwanja kwa bunduki za mfululizo ni 350, sawa na jouli 1.14. Ya kwangu ni jouli 1.26, bado chini ya 1.3 ya sheria, lakini mwenye uwanja hubana kuliko serikali, na huwezi kubishana naye. Aliyeniuzia hakunidanganya, alikuwa akichezea uwanja mwingine.

Kiingilio 28, bunduki ya kukodi 20, mafuta 5. Vigololi vya gramu 0.25 vinavyooza udongoni 12, maana msituni haviruhusiwi vingine. Nilikuwa na bunduki yangu kwenye begi na ya kukodi mkononi siku nzima, kama mtu aliyekwenda harusini na mke wa jirani.

11 Februari 2024: Kufungua giaboksi (gharama: 16)

Dawa yake ni springi laini zaidi. Iliyokuwamo ni M110, nimeagiza M100 kwa pauni 6, na grisi 5. Fundi wa dukani hutoza 40 kwa kazi hiyo. Nikasema 40 yote ya nini?

Jaribio la kwanza, tarehe 3, nililifanya kitandani. Nilitoa mpini, mota, mtutu, skrubu zote, nikafumbua ganda la giaboksi kama chaza. Springi iliyokuwa imebanwa ndani haikusubiri. Ilirusha pistoni ukutani, gia zikamwagika kwenye shuka, na kispringi kidogo cha kile kichuma kinachozuia gia zisirudi nyuma, kitu cha ukubwa wa punje ya mchele, kikapaa. Zulia letu ni la kijivu. Kispringi ni cha kijivu. Nilitambaa na tochi, nikapitisha sumaku ya friji kila kona. Hakuna. Nikaagiza pakiti ya vispringi vidogo kwa 5, siku nne za kusubiri. Siku ya tano, nacho nimeshapata kipya, cha zamani kikaanguka kutoka ndani ya soksi.

Jaribio la pili nilifanya hivi, na ndivyo ninavyokushauri. Kwanza legeza kile kichuma cha kuzuia gia ili springi ipumue; hata ukiwa na haraka, hatua hii usiiruke. Pitisha bisibisi nyembamba kwenye tundu la nyuma ya giaboksi iishikilie springi. Kazi yote ifanyie ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki unaoonyesha, mikono ndani, kinachoruka kinaishia humo. Piga picha kabla ya kutoa kila kipande, hata unachodhani utakikumbuka.

Nikaifunga, nikatia betri, nikavuta triga. Mlio mmoja, halafu mota ikaanza kuguna kama ng'ombe mgonjwa. Moyo ukashuka. Kumbe chini ya mpini kuna skrubu inayopandisha na kushusha mota, nami niliikaza mno hadi meno yakawa yanaumana. Kuilegeza nusu mzunguko tu, mguno ukaisha.

25 Februari 2024: Imepita (gharama: 33)

Kipimo cha mwendo: 329, 332, 331. Msimamizi akaifunga utepe wa plastiki wa rangi, ishara kwamba imepimwa. Nilitamani nisiukate.

Kilichobaki ni hopapu, kile kimpira kinachokisugua kigololi juu kidogo kinapotoka ili kizunguke kinyumenyume na kielee mbali. Asubuhi vigololi vyangu vilikuwa vikifika hatua thelathini kisha vinapaa juu ya miti kama ndege walioshtushwa. Hiyo ni kuzidi. Unarudisha gurudumu kidogo kidogo hadi kinyooke na kuanguka mwishoni tu. Ilinichukua magazini nzima, na bado kila risasi ya tano au ya sita inakata kushoto. Jamaa alichungulia na tochi akasema kimpira kimechoka, kimepasuka ukingoni.

Jumla mpaka leo ni pauni 658. Kati ya hizo, 110 ni za ujinga mtupu: dawa ya kupulizia, miwani ya wavu, mchezo wa nne (bila uanachama na fomu), betri na koleo, na bunduki ya kukodi ya tarehe 28.

Kimpira kipya kimeagizwa, pauni 7. Tarehe 10 Machi nina zamu, kwa hiyo nitarudi uwanjani tarehe 24 nikipata wa kubadilishana naye usiku wa Jumamosi, na nitaongeza hapa kama kushoto kumepona.